Sura ya Nane: Laia Wanataka Kula

Maneno yalikuwa matatu tu, na Inspekta Tarcisio Odur alikuwa ameyasoma mara saba bila kuyapenda hata mara moja. LAIA WANATAKA KULA. Yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyeusi ya kupaka ubao wa darasani, kwenye ukuta wa Shule ya Namwezi, upande unaotazama barabara ya Bombo, ambako kila lori la jeshi linaloingia Kampala kutoka kambini lazima lipite. Kama mwandishi alikuwa ametafuta ukuta wa balaa kuliko kuta zote za Uganda mwaka ule wa sabini na nne, basi alikuwa ameupata.

Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Saa moja kabla, Luteni Abudu alikuwa ameteremka kwenye jipu lake, akausoma ukuta polepole huku akitafuna kijiti, kisha akamgeukia Odur.

"Wewe Inspekta ya Wandegeya, sikia. Kama hii maneno iko ya jikoni, hiyo kazi ya hedimasta na kiboko yake. Kama iko ya serikali, hiyo kazi yangu. Saa sita mimi narudi. Utaniambia iko ya nani."

"Ndiyo, afande."

"Na hiyo mtoto amekubali makosa, mtu asiguse mpaka nirudi."

Mtoto mwenyewe aliitwa Onen, wa kidato cha pili, na alikuwa amefungiwa katika stoo ya vifaa vya michezo, mwanajeshi mmoja mlangoni. Hakuna mtu Kampala aliyehitaji kuelezwa kazi ya Luteni ilikuwa kazi gani. Watu waliogeuka kuwa kazi yake walipakiwa nyuma ya gari, na jamaa zao wakaanza kuzunguka ofisi hadi ofisi wakiulizia, mpaka viatu vikaisha soli. Odur alikuwa mtu wa Lira, kaskazini, upande wa rais aliyepinduliwa. Alikuwa ameona wenzake sita wa kituoni wakipotea hivyo, watu wa kwao watupu. Yeye alibaki kwa sababu aliijua kazi, na kwa sababu alijua kunyamaza.

"Alikiri mwenyewe?" alimwuliza Mwalimu Mkuu, Bwana Ochola, mzee mnene aliyekuwa akijipangusa shingo kila baada ya sentensi.

"Mwenyewe kabisa, Inspekta. Nilipiga kengele, nikawapanga mistari. Nikasema asipojitokeza mtu, jeshi litabeba bweni zima. Hata sijamaliza, Onen katoka mstarini."

"Na kiranja mkuu wako alikuwa wapi?"

"Sekabembe? Mbele, mahali pake."

"Alifanya nini Onen alipotoka?"

Ochola akafikiri. "Alitazama juu. Nadhani alikuwa anaangalia kama mvua itarudi."

Odur akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kugusa chokaa. Herufi zilianzia sawa na paji la uso wake, na yeye hakuwa mfupi.

"Huyo Onen ana kimo gani?"

Ochola akaonyesha kwa kiganja, chini kidogo ya mfuko wa shati. "Anasema alisimama juu ya ndoo."

Mvua ilikuwa imenyesha jana alasiri, na udongo chini ya ukuta ulikuwa bado mlaini. Buti za askari zilikuwa zimeuvuruga, lakini si wote. Ndoo iliyobebeshwa mtoto huacha duara kwenye udongo wa namna ile, na Odur alichutama akatafuta duara hilo kutoka pembe hii hadi pembe ile. Hakuliona. Akasimama, akapangusa magoti, wala hakuandika kitu katika daftari lake. Siku zile jambo likishaandikwa, kuna siku litasomwa.

* * *

Stoo ilinuka ngozi ya mipira na jasho la zamani. Onen alikuwa ameketi juu ya rundo la nyavu za goli. Alipomwona Odur akasimama wima, mikono ubavuni, jinsi watoto wa kambini wanavyofunzwa. Baba yake alikuwa koplo. Mwaka wa sabini na moja, Jumapili moja, aliitwa kazini, akaenda, na habari yake ikaishia hapo.

Ochola alikuwa amemweleza Odur mengine. Mtoto alipoletwa shuleni hakuna aliyetaka kukaa naye meza moja, maana watu walidhani mkosi wa watu wa kaskazini unaambukiza. Mpaka siku moja Sekabembe, kiranja mkuu, nahodha wa timu, kijana ambaye hata walimu walitengeneza tai zao akipita, alimwita mbele ya bwalo zima: wewe, njoo ukae hapa. Basi. Tangu siku hiyo Onen ndiye aliyemchotea maji ya kuoga, akampigia pasi mashati, akamng'arishia viatu vya mpira na kumnakilia madaftari, na kila mmoja shuleni akaona ni sawa.

"Umekula?"

"Sina njaa, afande."

"Ulisimama juu ya nini?"

"Ndoo."

"Ndoo hiyo iko wapi?"

"Bafuni. Niliirudisha."

"Na tope la chini yake?"

"Niliiosha."

Anajua kudanganya mpaka hatua ya pili, Odur akawaza, ya tatu hajafika. Akampa karatasi na penseli. "Andika ninachosema. Raia wa Lira walirudi barabarani kulala."

Mtoto akaandika haraka, bila kuinua kichwa. Odur akaisoma. Hapakuwa na kosa. Wala hakutegemea kosa, maana mtoto wa Kiacholi, sawa na wa Kilango kama Odur mwenyewe, hunyonya L na R pamoja na maziwa na hazichanganyi mpaka kufa. Kwa wengi wanaosema Luganda nyumbani, herufi hizo mbili ni ndugu wa kitanda kimoja, leo huyu kavaa shati la yule, kesho yule kavaa la huyu.

"Raia umeiandika kwa R."

"Ndiyo, afande."

"Ukutani iko kwa L."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka hupindisha herufi, mwanangu. Haigeuzi R kuwa L."

Onen akatazama nyavu. Odur akatoa daftari alilolichukua bwenini, chini ya godoro la mtoto, kabla ya kuja stoo. Lilikuwa la chama cha mdahalo, kilichoanzishwa mwaka jana serikali ilipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na shule zote zikakurupuka kutafuta mahali pa kukisema. Kila ukurasa wa kushoto ulikuwa na maandishi ya Sekabembe, yamekatwakatwa. Kila ukurasa wa kulia ulikuwa na nakala safi ya Onen, kwa mwandiko uleule, K ileile yenye mkia, kiasi kwamba bila yale makato usingejua nani ni nani.

"'Msemaji wa kwanza alipata kula ishirini na tisa,'" Odur akasoma. "Alikula nini huyu mara ishirini na tisa?"

Mtoto nusura acheke. Kisha akanuna kwa niaba ya mwenziwe. "Ni kura, afande. Kura za mdahalo. Watu wananyoosha mikono."

"Kumbe unajua ni kura. Mbona na wewe umenakili kula?"

"Kaka Sekabembe ndivyo alivyoandika."

"Hata akikosea?"

"Ndivyo alivyoandika, afande."

Hapo ndipo Odur alipoelewa. Kama LAIA ni raia, basi KULA si kula. Raia wanataka kura. Miaka mitatu tangu wanajeshi watwae nchi, hakuna aliyepiga kura, na neno lenyewe watu walikuwa wamelimeza hata majumbani mwao. Sasa lilikuwa limekaa ukutani, kubwa, jeusi, likiangalia barabara ya Bombo, na lililowafanya watu wawe bado hai ni kwamba aliyeliandika hakujua kuliandika. Odur alikuwa amekuja akitafuta maneno ya jikoni, akili yake ikampeleka mahali ambapo hakutaka kwenda. Aligeuka kutazama mlango. Mwanajeshi alikuwa hatua kumi mbali, akivuta sigara.

Akashusha sauti. "Sikiliza. Luteni akikuuliza, sema ulikuwa na njaa. Hayo tu."

Onen akainua uso kwa mara ya kwanza, macho yakiwaka. "Si njaa, afande! Kaka hawezi kuandika upuuzi wa tumbo!"

Kisha akajisikia alichosema. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kweli mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

"Mimi sijasikia," Odur akasema. "Na wewe hujasema."

"Mimi nitakwenda na Luteni, afande. Si kitu."

"Unajua wanakokwenda watu wa Luteni?"

"Baba alikwenda."

Odur alitamani kumshika mabega mtoto yule na kumtikisa. Alitamani kumwambia kwa Kiluo, lugha ya kwao wote wawili, mambo ambayo Kiswahili cha polisi hakina, lakini Kiluo siku zile kilikuwa lugha ya kusemea chumbani.

"Kaka mwakani anafanya mtihani," Onen akasema kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mgeni. "Atakwenda Makerere. Atakuwa mtu mkubwa, afande, kila mtu anasema. Mimi ni nani?"

* * *

Jikoni kulikuwa na moshi, maharagwe, na Mama Kaltumi, Mnubi wa Bombo aliyewapikia wavulana wa Namwezi tangu enzi za Wazungu na hakumwogopa yeyote aliyewahi kuonja ugali wake wa posho. Odur alimwamkia, akavuta gogo, akakaa. Alikuwa na njia moja tu. Luteni angekubali habari ya njaa, ila neno raia lingemkwama kooni. Wanafunzi wakidai chakula husema wanafunzi. Raia ni neno la hotuba.

"Mama, ukutani wameandika raia wanataka kula."

"Si uongo," Mama Kaltumi akasema bila kugeuka. "Viranja wanaingia kwanza, wanakula nyama, wanakula mchuzi, wanashiba. Halafu ndiyo raia wanaingia, wanakuta sufuria inalia."

Odur akainuka kwenye gogo. "Nani wanaingia?"

"Raia. Hao wadogo wadogo hawana beji. Hapa shule jina yao ni hiyo. Mama Kaltumi, raia hawajapata mchuzi! Mama Kaltumi, raia wamebakiziwa maji! Kila siku hiyo kelele. Masikio yangu imechoka."

Inspekta angeweza kuubusu ule mkono uliojaa unga. "Utamwambia Luteni hivyo hivyo?"

"Abudu? Mimi namjua mama yake. Nitamwambia Kinubi, na nitamwuliza kwa nini haendi kumsalimia."

Odur akatoka nje, akatembea, akarudi, akatembea tena. Saa nne na nusu. Njia ilikuwa imepatikana, na ilikuwa na mwiba. Raia mwenye njaa ni mtu asiye na beji. Sekabembe alikuwa na beji kubwa kuliko zote, alikula wa kwanza, na hata mjinga asingeamini kwamba alipaka ukuta kwa ajili ya mchuzi. Aliyefaa kwa uongo huu ni yuleyule mtoto aliyekwisha kudanganya. Mpelelezi mzima, miaka kumi na sita kazini, na kesi yake ingesimama kwa kuhakikisha asiye na kosa anabaki na kosa! Odur alijiona mchafu. Lakini funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu alikuwa anakuja saa sita.

Odur alimkuta Sekabembe katika chumba cha viranja, akipekua sanduku na kutupa nguo sakafuni. Alikuwa kijana mrefu, mzuri wa sura, wa miaka kumi na tisa, mabega ya mwogeleaji.

"Mimi sijui kitu, afande. Mimi nirikuwa bwenini."

"Sijakuuliza ulikuwa wapi."

"Kweri kabisa, afande."

"Onen ni rafiki yako?"

"Yule? Si lafiki, ni mtoto tu. Ananisaidia-saidia."

Odur akamnyooshea penseli na karatasi. "Niandikie neno raia."

Sekabembe akachukua penseli kwa wepesi wa mtu aliyezoea kusifiwa. Akachora mstari wa kusimama, akauvutia mguu kulia, L nzuri, safi. Kisha akayaona macho ya Odur, na penseli ikasimama. Kwenye ukucha wa kidole gumba, chini kabisa, palikuwa na rangi nyeusi.

Odur akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mdomoni, akaitafuna mbele yake mpaka ikaisha. Kijana akapauka.

"Kazi yangu ni kukupeleka wewe," Odur akasema. "Nikikupeleka, watachukua wewe, watachukua na yeye kwa kukuficha, na kesho watakumbuka kwamba na mimi ni mtu wa Lira. Kwa hiyo leo sifanyi kazi yangu. Ila Onen anakataa kusema ni njaa. Anataka kufa na neno lako. Mtu mmoja tu anaweza kumwambia akasikia."

"Na akinitaja?"

"Hatakutaja. Hilo ndilo linalonitia homa, na lingepaswa kukutia na wewe."

Wakaenda. Sekabembe alisimama kizingitini mwa stoo, hakuingia. Onen alisimama haraka, na uso wake ukafunguka kwa tabasamu la kwanza ambalo Odur alikuwa ameliona asubuhi ile nzima.

"Sema njaa," Sekabembe akasema.

"Lakini kaka..."

"Kichwa ngumu wewe. Sema njaa, umesikia?"

"Ndiyo, kaka."

Sekabembe akageuka aondoke, akarudi. "Na soksi zangu za mechi umeweka wapi?"

"Chini ya mto, kaka. Nimezikunja."

* * *

Luteni Abudu alirudi kabla ya wakati, saa sita kasoro robo, akaegesha jipu chini ya ukuta. Shule nzima ilipangwa mistari. Mama Kaltumi alikuja na mwiko mkononi, akasema yake kwa Kinubi, marefu, na kabla hajafika nusu Luteni alikuwa anacheka na kukuna kisogo kama mtoto aliyeshikwa.

"Kumbe tumbo," akasema. "Raia ya mchuzi. Haya, leta hiyo mtoto."

Onen akaletwa. Odur alisimama nyuma yake hatua mbili, mikono mgongoni.

"Wewe nani aliandika hii?"

"Mimi, afande."

"Kwa nini?"

Mtoto akatazama mstari wa mbele, mahali pa kiranja mkuu. "Njaa, afande. Njaa tu."

Luteni akafuata macho yake. "Wewe mrefu, ndiyo mkubwa yao? Hii mtoto iko namna gani?"

"Mlafi, afande," Sekabembe akajibu bila kusita. "Kira siku anaomba mabaki mezani pangu. Hana haya. Mimi mwenyewe nimechoka naye."

Hakuna aliyemwomba aongeze hayo. Mistarini wavulana walicheka, kwanza wachache, kisha wengi, na Odur aliona shingo ya Onen ikibadilika rangi kutoka kwenye kola mpaka masikioni.

Luteni hakucheka. Alikuwa askari, hakuwa mjinga. Akachomoa karatasi mfukoni, akailaza kwenye boneti ya jipu, akaweka penseli juu yake.

"Andika. Kama ukuta."

Hili Odur hakuwa amelifikiria. Alikuwa amemfundisha mtoto la kusema, la kuandika hakumfundisha, na saa mbili tu zilizopita mkono ule ule ulikuwa umeandika raia kwa R bila kosa. R moja, na Luteni angetafuta mwenye L. Na mtoto alikuwa ametoka kuchekwa na shule nzima kwa maneno ya yule yule aliyekuwa anamfichia. Nani angemlaumu? Hata Odur, moyoni, kwa dakika moja, alitaka aandike R.

Onen akainama juu ya boneti. Akaandika polepole, akinyoosha kila herufi. L. Kisha A. Alipofika kwenye K aliivutia mkia chini, akauinua kidogo mwishoni, jinsi alivyoufanya kurasa nzima za mdahalo.

Luteni akaishika karatasi sambamba na ukuta. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akamtazama Odur, kwa muda ambao Odur hakuupenda.

"Hedimasta," akasema hatimaye, "mwalimu yenu ya Kiswahili iko bure kabisa. Piga hii mtoto sita. Mimi naona, halafu naenda."

Kwa desturi ya Namwezi, raia akikosa huchapwa na kiranja mkuu. Benchi likaletwa. Sekabembe akavua koti lake la shule lenye beji, akageuka huku na huku kutafuta wa kumshikia, na mshikaji wake wa siku zote alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya benchi. Akalitupa kwenye nyasi. Akachapa sita, zote za nguvu, za mtu anayeogopa asionekane anahurumia. Odur alihesabu kila moja. Zilipoisha Onen aliinuka, akasema kama walivyofunzwa wote kusema, "Asante, kaka."

Jipu likaondoka kuelekea mjini. Mistari ikavunjika. Odur akamwendea mtoto kwa furaha na hasira pamoja.

"Umepona," akamwambia, safari hii kwa Kiluo, na liwalo na liwe. "Nenda jikoni ukale. Mama Kaltumi amekuwekea. Usimfuate tena mtu yule, unanisikia?"

"Ndiyo, afande," Onen akajibu kwa Kiswahili.

Alitembea kwa shida, miguu imeachana, lakini hakuelekea jikoni. Alipita kando ya benchi, akainama taratibu, uso umekunjamana kwa maumivu, akaokota lile koti kwenye nyasi. Akalikung'uta. Akapuliza vumbi kwenye beji. Kisha akaenda akasimama nyuma ya Sekabembe, aliyekuwa akizungumza na viranja wenzake kuhusu mechi ya Jumamosi, akalishikilia wazi mabegani kwa mikono miwili, akangoja. Sekabembe akarudisha mkono mmoja nyuma, akauingiza. Akarudisha wa pili, akauingiza, wala hakugeuza kichwa.